Ncha za Nywele za Brenda

Mpemba, Tunduma
25 Februari 2024

Dada Ikupa,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, sijui wewe huko Kitwe kwa Wazambia. Mama anakusalimia. Kiuno kinamsumbua lakini mpakani anaenda kila asubuhi na mchele wake. Baba mdogo Kasiani alikuja kutoka Ndalambo, anasema mahindi mwaka huu yamesimama mpaka hajui atayaweka wapi. Ya mwaka jana bado yamejaa chumbani kwangu, nalala na magunia, panya ndio wenye nyumba. Mimi bado nalinda yadi ya malori usiku, mchana nashinda na mwanao.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu siwezi. Mama anaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, na mimi unanijua, nikisikilizwa maneno yananikimbia. Yesaya akipita na lori lake atakuletea. Mwandiko uuvumilie, unajua niliishia la nne.

Jumapili ulimsikia mama anavyojisifia nywele za Brenda. Ni kweli zimebadilika. Ulipoondoka Novemba kitana kilikuwa kinavunjika meno kichwani kwake, analia mpaka jirani Tabita anauliza tunachinja nini. Sasa zimekuwa laini, nyembamba, zimelala zenyewe mpaka masikioni. Jua likipiga zina wekundu. Mama anawaambia wateja, "Mjukuu wangu ana nywele za Kihindi, sijui kazitoa wapi." Wewe ulisema unataka picha akiwa amekunjwa ncha, kama watoto mnaowatengeneza huko saluni. Mama amesema hiyo kazi ni yangu. Sasa mimi najuaje? Nieleze taratibu.

Brenda yupo. Zamani lori likipiga honi alikuwa anakimbilia mlangoni anasema mama huyo. Sasa hakimbii. Anakaa tu. Uji anakunywa.

Mdogo wako,
Osea


Kitwe
12 Machi 2024

Mdogo wangu Osea,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nimeisomea barua yako chooni, maana wenzangu hapa saluni wangeninyang'anya waisome kwa sauti na Kiswahili chao cha kubahatisha. Mimi ni mzima. Kazi ni kusimama tu, jioni miguu inakuwa kama magogo. Ugali huku wanauita nshima, wanakuuzia jina jipya lakini ukiufungua ni ule ule wa mama. Mwambie mama asibebe ndoo za maji, wewe upo.

Haya, msusi, sikiliza. Maji ya moto usitumie, huyo ni mtoto, siyo rasta za dukani. Chukua khanga iliyochakaa, ichane vipande vyembamba kama kamba ya kiatu. Lowesha nywele na maji ya uvuguvugu, paka mafuta kidogo sana, yakizidi zinalala. Shika nywele chache, anzia kwenye ncha, viringisha kwenye kitambaa kwenda juu mara mbili tu, funga fundo. Usivute. Ukimaliza kichwa kizima mwache acheze juani mpaka zikauke. Halafu fungua moja moja na vidole, kitana weka mbali kabisa. Zitakaa kama vikono vya maboga, vile vinavyojiviringisha.

Yesaya ana simu nzuri, ampige picha aniletee. Mvalishe lile gauni la njano.

Mimi mwili umechoka kidogo siku hizi. Ni hali ya hewa ya huku. Mama usimwambie.

Ni mimi dada yako,
Ikupa


Mpemba
31 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Leo ni Pasaka, mama ameenda kanisani na mimi nimebaki. Mvua imetunyeshea vizuri. Yule mbuzi wa Tabita amekufa, amekula mfuko wa nailoni, wametuletea mguu. Baba mdogo anaulizia kama utakuja wakati wa mavuno. Nimemwambia sijui.

Kazi uliyonipa nimeifanya jana. Nimemkalisha Brenda juu ya ndoo iliyofunikwa, nimechana ile khanga ya mama yenye maua, na maji nimeyapima na kiwiko. Tabita alikuwa anapita kwenda bombani, akasimama kwenye ua. "Osea! Umekuwa msusi? Utaolewa mwaka huu!" Nikainama tu. Nikaendelea.

Nilifanya ulivyosema. Sikuvuta. Lakini nilipokuwa nafungua vitambaa, vingine vilitoka na nywele. Siyo moja mbili. Kishungi kizima kinabaki kwenye kitambaa, kichwani panabaki peupe. Na dada, hakulia. Mtoto wetu yule. Nilikuwa nangoja alie nimbembeleze, akawa ananiangalia tu kama naongea na mtu mwingine.

Zilizobaki zilikunjika. Nikazipanga kufunika pale peupe, Yesaya akapiga picha. Utaona amenenepa mashavu. Na miguu pia imejaa, viatu vya Krismasi havimwingii. Mama anafurahi, anasema uji unamkubali.

Tabita aliporudi na ndoo yake hakutania tena. Alimwangalia Brenda muda mrefu akaniambia pole pole, "Hizo nywele siyo urembo. Huyu mtoto amebemendwa, amenyonya maziwa yaliyoingiliwa na mwanaume. Muulize dada yako, alipokuwa ananyonyesha alikuwa analala wapi."

Nakuandikia alivyosema. Mimi sijakuuliza kitu.

Kwenye kichwa chake niliacha ncha tatu nyuma bila kukunja, mkono ulikataa.

Osea


Kitwe
4 Mei 2024

Osea,

Hamjambo. Mimi sijambo.

Picha nimeiona. Amependeza. Wenzangu wote wameisifia, bosi wangu amesema mukwai, ndiyo heshima yao ya huku, huyu aliyemkunja ni fundi. Kwa hiyo hongera.

Nywele kukatika ni ukavu, mpake mafuta ya nazi mara mbili kwa wiki. Usimfunge kila siku.

Tabita mwambie ana watoto sita na kila mmoja ana pua yake, aanze kuuliza hapo kwake kwanza.

Jumapili sitakuwa napiga. Laini yangu imepotea, nikipata nyingine nitawaambia. Msalimie mama. Na usiniandikie tena maneno ya bombani.

Ikupa


Mpemba
12 Mei 2024

Dada Ikupa,

Shikamoo. Mama anaendelea, anauliza kwa nini hupigi. Nimemwambia laini. Wametangaza mnada wa ng'ombe hapa jirani, barabara haipitiki, malori yamelala mpaka huku kwetu na mimi kazi imeongezeka. Kwa Tabita wote wazima.

Umesema nisikuandikie maneno ya bombani. Haya, nakuandikia ya ndani.

Brenda anashinda ndani. Mama hataki aonekane. Jumapili iliyopita tu ndiyo alitoka, ilikuwa siku ya watoto kuombewa kanisani. Mama akanipa vitambaa, akasema, "Mkunje kama siku ile ya picha. Na umvalishe soksi." Nikamkunja. Zimebaki chache, nilizikunja kubwa kubwa zionekane nyingi. Kanisani akina mama walimpokea mmoja baada ya mwingine. "Jamani mdoli! Marta, mjukuu wako anakula nini?" Mama anacheka, anasema ni uji tu. Brenda hakumshika mtu hata shingo, anakaa mkononi kama mzigo. Tulivyorudi nikamvua soksi. Pale soksi ilipobana palikuwa na bonde. Nikabonyeza kwa kidole, kidole kikaacha shimo, na shimo halikurudi.

Nikamwambia mama twende hospitali. Unajua tangu nizaliwe sijamwambia mama twende mahali. Akakaa juu ya kinu. Akasema, "Nikifika nikasemeje? Kila mtu akimwona atajua amebemendwa. Wataniuliza mama yake yuko wapi, niseme alishika mimba nyingine mtoto yuko kwenye ziwa, akakimbia? Ndiyo unataka hivyo, dada yako aimbwe mpaka Ndalambo?" Nikamwambia hatujui kama ana mimba. Akaniangalia. "Wewe hujui," akasema.

Anasema dawa ipo, shangazi Ketrina wa Ndalambo anaijua, lakini wanaogeshwa mama na mtoto pamoja, na mama ataje mwanaume. Kwa hiyo anakungoja wewe. Anakungoja kila siku, lori likisimama anatoka.

Sitaki kujua ulilala wapi. Kweli sitaki. Naomba neno moja, mwambie mama ampeleke. Akilisikia kwako atampeleka. Mpigie hata kwa simu ya kuazima. Kama huwezi kuongea liandike, nitamsomea.

Brenda hataki tena uji.

Osea


Mpemba
9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Yesaya anasema barua alikupa mkononi, ukaiweka kwenye brauzi ukarudi ndani. Sikulaumu. Nakueleza tu ili ujue nimeshafanya.

Jumatatu mama alipoondoka nilimbeba Brenda mgongoni na khanga. Nilitaka kumbeba mikononi lakini kila nilipomgusa ngozi ya mapaja ilikuwa inabanduka kama karatasi iliyolowa. Vijana wa bodaboda wakapiga miluzi, "Mama Brenda! Mama Brenda, unyonyeshe basi!" Siku nyingine ningerudi ndani. Nilipita.

Hospitali nesi anaitwa Gwalugano. Mkubwa kidogo kwako. Alibonyeza miguu ya Brenda yote miwili, akashika nywele, akavuta kidogo sana, zikabaki vidoleni kwake. Zilikuwa bado zina mkunjo wa Jumapili kwenye ncha, mama alikuwa amenikunjisha tena. Akaniuliza nani amemtengeneza hivi. Nikasema mimi.

"Anakula nini?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Sembe."

"Na nini?"

"Na sukari."

"Na nini tena, kaka?"

Nikasema ni hivyo tu. Akasema, "Kwenu hakuna maharage?"

"Lipo gunia."

"Kuku?"

"Wapo. Mayai mama anauza."

Hakunigombeza. Alimfunika Brenda miguu. Akasema mtoto akitolewa kwenye ziwa ghafla anatakiwa apewe kitu cha kushika nafasi ya maziwa, maharage, dagaa, yai, karanga. Uji mweupe unajaza tumbo haujengi. Huo ni utapiamlo, akasema, na kuvimba ni maji, siyo mafuta, na nywele zinalainika hivyo kwa sababu mwili hauna cha kuzilisha. Nikamuuliza, na kichwa changu nimekiinamisha, kama mtu anaweza kubemenda mtoto. Akasema, "Nimekaa kwenye wodi hii miaka. Kila mama anayekuja hapa ameshaambiwa hivyo, ndiyo maana wanakuja wamechelewa."

Mama alikuja jioni, mtu alishamwambia. Alisimama mlangoni na beseni lake la mchele. "Osea umenivua nguo." Nesi akamwita pembeni, akamwambia, "Bibi, hakuna mtu aliyembemenda huyu. Ni chakula." Mama akasema, "Chakula? Mimi? Nimemshibisha kila siku, hajalala na njaa hata siku moja." Halafu akarudia, hajalala na njaa, hajalala na njaa, mpaka mama wa kitanda cha pili akamshika mkono.

Wanampa maziwa maalum kwa kikombe, kidogo kidogo. Nesi amesema siku hizi za kwanza ndizo ngumu. Mama analala naye, mimi naleta maji.

Ukiweza njoo. Siyo kwa ajili ya dawa ya shangazi. Njoo tu.

Osea


Mpemba
24 Juni 2024

Dada Ikupa,

Kaa chini kwanza.

Namba yako tumepiga sote, mama, mimi, baba mdogo, haipatikani. Kwa hiyo neno linakufikia hivi.

Brenda amefariki Ijumaa asubuhi. Mama alikuwa ameshika kikombe. Alikunywa kidogo, akageuza uso ukutani, mama akafikiri amelala.

Tumemzika Ndalambo karibu na babu. Watu walikuwa wengi. Mchungaji alisema vizuri. Shangazi Ketrina alisema maneno yake pale pale kaburini na mama akampa mgongo. Mengine ya siku ile siandiki.

Gauni la njano amekwenda nalo.

Osea


Kitwe
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Sijui nianze wapi kuwasalimia. Hamjambo.

Barua zako zote ninazo. Ile ya Mei niliisoma, ya Juni ya kwanza nilisoma mpaka pale nesi aliposhika nywele nikaifunga. Hii ya mwisho Yesaya alinisomea yeye.

Osea, picha ile nilipoiona nilijua. Kazi yangu ni nywele. Mtoto wa kwetu hawezi kuwa na nywele zile. Nilikuza ile picha nikaona na peupe ulipopafunika. Nikakuandikia mafuta ya nazi. Ningesema nini? Mama alikisia kweli. Niliondoka nikiwa na mimba tayari, ya Lucky, yule dereva wa Kizambia aliyekuwa analaza gari yadini kwenu. Brenda alikuwa ananyonya na mimi nina mimba. Nilinyonyesha mwezi mzima nikijua. Siku niliyoona watu wameanza kunishuku ndiyo nilimtoa kwenye ziwa nikapanda gari. Nilifikiri nikikaa mbali naye maziwa yangu yatamwachia, atapona.

Nimejifungua wiki ya kwanza ya Julai, mtoto wa kiume. Lucky anapita, anaondoka. Laini ni yeye aliivunja, anasema wa kwetu watanirudisha.

Mtoto huyu simnyonyeshi. Nilimnyonyesha siku chache, tulivyopata habari ya Brenda nikaacha. Maziwa haya ndiyo yaliyomuua dada yake, na Lucky namjua, ana wengine huko njiani, kwa hiyo huyu naye yatamfanya hivyo hivyo. Nampa uji mwepesi kwa chupa, na maji ya sukari. Analia sana, halafu siku hizi halii sana. Maziwa yananiuma, nayakamulia chini.

Usimwambie mama. Au mwambie. Sijui. Sitaki aje anione, na kila lori likitoka Tunduma natoka nje kuangalia.

Ikupa


Tunduma, mpakani
11 Agosti 2024

Dada, salamu baadaye.

Yesaya amenipa barua yako asubuhi hii, lori lake liko kwenye foleni linarudi huko huko. Naandikia juu ya tairi lake. Nimemwomba akifika asilale, akutafute kwanza.

Mnyonyeshe. Leo. Ukimaliza kusoma mstari huu weka barua chini umnyonyeshe, halafu uendelee.

Maziwa yako hayakumuua Brenda. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo, kwa hiyo kwenye hili nisikilize mimi. Nesi hakusema maziwa, hakusema mimba, hakusema Lucky. Alisema Brenda alikosa maziwa halafu hakupata kingine zaidi ya uji mweupe na sukari. Ndivyo unavyompa huyo sasa hivi. Uji ule ule dada.

Nimetoka mbio kwenda kwa Gwalugano kabla ya kuandika. Nimeongea naye mimi mwenyewe, kwenye foleni ya wagonjwa, watu wakisikiliza. Amesema hivi: ziwa tu, hakuna maji, hakuna uji, mpaka afike miezi sita. Yakiwa yamepungua yanarudi akiyanyonya mara nyingi, mchana na usiku, mwache avute hata kama hakitoki kitu. Na kwa sababu ameanza kunyamaza, mpeleke kliniki ya huko kesho asubuhi, usingoje Lucky, usione aibu. Wakikuuliza kwa nini ulimwachisha, waambie ukweli. Hawakuli. Mimi waliniuliza.

Akianza kula ndiyo maharage ya kuponda, dagaa, yai. Hayo nitakuandikia.

Mama nimemwambia. Sikusubiri ruhusa yako maana hukuwa na uhakika mwenyewe. Alikuwa hapa hapa kwenye meza yake anachambua mchele. Nilisema kwa mdomo, wateja wapo, nikasema Ikupa ana mtoto wa Lucky, wa kiume, na hamnyonyeshi kwa sababu anafikiri ndiyo yaliyomuua Brenda. Nilifikiri atanipiga na ungo. Mama Edson wa nyanya alisimama na chenji yake mkononi.

Mama aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine. Halafu akaniuliza bila kuniangalia, "Ana nguvu ya kuvuta ziwa, au anashika na kuachia?"

Nikamwambia sijui.

Amefunga mchele wake. Amekaa hapa kwenye tairi karibu na mimi, anangoja nimalize, Yesaya ameshawasha. Anasema nikuandikie kwamba ana nafasi mbele ya gari na hana pasi, ila akina mama wa hapa wanavuka kila siku na hati ya muda, ameenda nayo mpaka Nakonde hapo ng'ambo mara ngapi. Huko mbele wataona na Yesaya.

Amepanda. Barua hii anakuja nayo mama mwenyewe. Hajui kusoma vizuri, kwa hiyo akifika msomee wewe, lakini kwanza akukute unanyonyesha.

Osea